Mwanajeshi akistaafu, nani anamtibu? Mazungumzo ya Idsowe

Wadau, uzi wa leo ni mrefu, tafuteni chai. Ni mazungumzo niliyotoa Idsowe, mbele ya vijana na wazee wa kwetu, na nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema. Kanuni yetu ni ile ile: hakuna jina la mwanasiasa, hakuna jina la chama. Ukiweka jina kwenye maoni, nitalifuta. Tunapima hoja.

1/

Mimi ni mtoto wa hapa, nasoma sayansi ya siasa, na likizo nikirudi mnanikuta kivukoni nikibishana. Leo nimepewa kipaza sauti, kwa hiyo nitabishana kwa mpangilio.

Kila msimu wa kampeni kuna sentensi moja haikosi kwenye jukwaa: "Wanajeshi wetu ni mashujaa." Watu hupiga makofi, hata mimi hupiga. Halafu msemaji anahamia kwa bei ya unga. Hakuna anayemuuliza, huyo shujaa akivua magwanda akarudi Idsowe, Tarasaa au Minjila, akiugua anaenda wapi? Nani anamlipia? Na huyo daktari atajuaje alikokuwa?

Hayo maswali matatu ndiyo mazungumzo yangu yote. Nataka tukiondoka hapa tujue ni nani wa kuulizwa lipi.

2/

Tuanze na mwili. Kazi ya jeshi ina hatari mbili. Moja mnaijua, risasi na bomu. Nyingine ni ya polepole, haionekani siku ya kurudi nyumbani.

Masikio: mlio wa bunduki na mizinga unaharibu chembe ndogo ndani ya sikio, na zikiharibika hazioti tena. Mtu anabaki na mlio wa "ziiii" usiku na mchana, au anasikia sauti lakini hashiki maneno. Marekani, kati ya mambo yote ambayo wanajeshi wa zamani huombea fidia, mlio wa masikio na kupungukiwa na usikivu ni miongoni mwa yaliyo juu kabisa. Tungedhani ni miguu iliyokatika. Ni masikio.

Mgongo na magoti: miaka ya kubeba mzigo mzito, kuruka kutoka kwenye lori, kulala juu ya ardhi. Akiwa na miaka 30 haoni shida. Akifika 50 hawezi kushika jembe.

Kichwa: bomu la kutegwa barabarani likilipuka, mshindo wake unapita mwilini hata kama hakuna chuma kilichokuingia. Ubongo unatikisika. Mtu anatoka bila hata mkwaruzo, wenzake wanamwambia ashukuru Mungu, na baada ya miezi anaanza kusahau, kichwa kinauma, taa kali zinamsumbua, hasira zinakuja haraka.

Sisi tuko kando ya njia ya Lamu. Habari za mabomu ya kutegwa hatuzisomi kama habari za nchi ya mbali. Operesheni ya Msitu wa Boni ilianza 2015. Kabla yake, Oktoba 2011, Kenya iliingia Somalia, na mwaka uliofuata wanajeshi wetu wakaingizwa kwenye kikosi cha Umoja wa Afrika, AMISOM. Kikosi hicho kikabadilishwa jina kuwa ATMIS mwaka 2022, na AUSSOM mwaka 2025. Hesabuni wenyewe. Kijana aliyekuwa na miaka 28 jeshi lilipovuka mpaka, leo amepita 40. Hiki ndicho kizazi ambacho sasa kinarudi vijijini.

3/

Wacha niwape kisa kimoja ambacho wengi hamjakisikia, kwa sababu hakina mlipuko.

Mwaka 2009, wanajeshi wa Umoja wa Afrika waliokuwa Mogadishu walianza kuvimba miguu. Pumzi inakata, moyo unadunda, wengine homa. Wakati huo waliokuwa kule ni Waganda na Warundi, sisi tulikuwa hatujaingia. Kati ya Aprili 2009 na Mei 2010, wanajeshi 241 walipatikana na dalili hizo. Wanne walikufa. Angalau 52 walisafirishwa kwa ndege kuja hospitali za Kenya na Uganda. Watu waliogopa. Ni sumu? Ni ugonjwa wa panya?

Uchunguzi ulionyesha ni beriberi. Ugonjwa wa kukosa vitamini B1! Yaani askari ana bunduki mpya, ana kofia ya chuma, ana gari la deraya, na chakula anachokula kambini kimekosa kirutubisho kimoja cha bei rahisi. Walipopewa hiyo vitamini, wakaanza kupona.

Nimekileta kisa hiki kwa sababu mbili. Ya kwanza, kinachomuumiza mwanajeshi si adui peke yake. Ya pili, waliponywa kwa sababu kuna mtu aliwaorodhesha, akauliza nani anakula wapi, akalinganisha. Sasa fikirieni mmoja wao angekuwa amestaafu mwezi uliotangulia, yuko kijijini kwao, miguu imevimba. Zahanati ya kijijini ingejuaje? Angeambiwa apunguze chumvi.

4/

Halafu kuna akili. Hapa najua wengine wataanza kucheka, na nitafika kwenye hicho kicheko.

Kuna ugonjwa wa kiwewe, ule ambao mitandaoni mnauona ukiitwa PTSD. Madaktari wa Marekani waliuingiza rasmi kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili mwaka 1980, baada ya vita vya Vietnam. Dalili zake si kuokota makopo. Ni ndoto zinazorudi. Ni kushtuka mlango ukibamizwa. Ni kukwepa watu, harusi, mazishi, sehemu zenye kelele. Ni hasira, ni kukosa usingizi, na mara nyingi ni pombe, kwa sababu pombe inalalisha. Inaweza kuanza miezi au hata miaka baada ya tukio lenyewe.

Januari 15, 2016 kambi ya jeshi letu ilivamiwa El Adde. Januari 27, 2017 ikavamiwa nyingine, Kulbiyow. Kila mwaka tarehe hizo zikifika tunaweka mishumaa mtandaoni kwa waliokufa, na ni sawa. Lakini kuna waliokuwa mule ndani wakatoka hai. Wengine bado wako kazini, wengine wako majumbani mwao. Hao hatuna siku yao.

5/

Nina ruhusa ya kusema haya. Baba yangu mdogo alikuwa jeshini. Cheo chake na kikosi chake ameniambia nisitaje, na sitataja.

Kwa muda mrefu pale mtaani watu walisema ana maringo. Unampa salamu anapita. Mama mmoja alikuja kumshtaki kwa baba, kwamba huyu tangu atoke jeshi anatuona sisi takataka. Kumbe sikio la kushoto halisikii kabisa, na la kulia linavuma. Hakuwa amemwambia mtu. Mwanaume aliyebeba bunduki ataanzaje kusema hasikii?

Alienda kwenye kituo kimoja cha afya cha umma, si lazima niseme kipi. Alilalamikia kichwa na usingizi. Akapewa dawa ya maumivu. Akarudi, akapewa tena dawa ya maumivu. Mara ya tatu akapimwa malaria. Simlaumu yule kijana aliyemhudumia, ana foleni ya watu hadi nje chini ya mwembe. Ila katika zile mara tatu hakuna hata mmoja aliyemuuliza swali moja dogo: "Mzee, ulikuwa ukifanya kazi gani?"

Na yeye hakusema. Karatasi ya kuonyesha alipimwa nini akiwa kazini hana. Faili iko kambini, mwili uko Idsowe.

6/

Sasa tuingie kwenye sheria, ndiyo kazi iliyonileta.

Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu zaidi cha afya kinachoweza kufikiwa. Kila mtu. Lakini nendeni kifungu cha 24, ibara ndogo ya 5. Pale Katiba inaruhusu Bunge kutunga sheria ya kupunguza baadhi ya haki za wale wanaohudumu katika Jeshi la Ulinzi na katika polisi. Haki zilizotajwa ni faragha, kujiunga na vyama, maandamano, haki za wafanyakazi, haki za waliokamatwa, na, sikilizeni vizuri, hicho kifungu cha 43.

Kwa lugha yetu ni hivi. Kijana akiingia jeshini, sheria inaweza kumpunguzia hata haki ya afya ambayo mimi na wewe tunayo kamili. Kuna sababu zake, vita haviendeshwi kwa kura ya mgomo. Lakini maneno ni "wanaohudumu". Siku anayostaafu, kile kizuizi kinaanguka na anarudi kuwa raia mwenye kifungu cha 43 chote. Kwa hiyo mtu akikuambia mwanajeshi mstaafu "anaomba upendeleo", mwambie anaomba kurudishiwa alichokiweka rehani.

Mfano mwingine. Sheria ya fidia ya majeraha kazini ya 2007 inamlinda mfanyakazi wa kiwanda na mfanyakazi wa serikali. Wanajeshi imewatenga. Sheria ya ajira ya mwaka huo huo nayo imewatenga. Mpishi wa shule akiungua, kuna sheria ya kawaida ya kushika. Mwanajeshi akiungua, mambo yake yanaamuliwa ndani ya taratibu za jeshi lenyewe, na asiyeridhika atembee mbali.

Mwaka 2022 Kenya ilipata sheria ya wanajeshi wastaafu, ya kuweka mfumo wa kusimamia mambo yao. Hiyo ni hatua, tusiidharau. Ila sheria ni ahadi. Kazi ya mpiga kura ni kuuliza bajeti yake, ofisi yake na mlango wake viko wapi kwa mtu wa Garsen.

7/

Mlango ndio wenye shida, na sababu yake ni ugatuzi. Nyongeza ya nne ya Katiba imegawa kazi. Ulinzi ni wa serikali ya kitaifa. Hospitali kuu za rufaa na sera ya afya pia ni za kitaifa. Lakini zahanati, vituo vya afya, hospitali za kaunti na ambulensi ni za kaunti.

Basi mwanajeshi anajeruhiwa chini ya serikali moja, anazeeka chini ya serikali nyingine. Ukiuliza kaunti, inasema huyo ni wa Wizara ya Ulinzi. Ukiuliza wizara, inasema matibabu ya kijijini ni kaunti. Kila mmoja anasema kweli, na mgonjwa bado amekaa kwenye benchi.

8/

Sasa hoja nne ambazo zinarudi kwenye kila mdahalo. Nitazichukua moja moja.

Hoja ya kwanza: "Jeshi linatunza watu wake wenyewe."

Ni kweli nusu. Jeshi lina hospitali yake kuu Nairobi, ile ya Forces Memorial, na lina matibabu ndani ya kambi kubwa. Wanaozifikia wengi husifu. Lakini chukueni ramani. Kutoka Garsen hadi Malindi ni zaidi ya kilomita 100. Hadi Mombasa zaidi ya 200. Nairobi ni safari ya kutwa nzima au usiku kucha. Mto Tana ukifurika, kama 2023 na 2024, hata hiyo barabara inakatika. Mtu mwenye magoti mabovu na kichwa kinachouma apande basi saa ngapi, alale kwa nani, arudi lini? Ukijumlisha nauli, chakula na malazi, matibabu ya bure yameshakuwa ghali.

Ubora wa huduma unapimwa pia kwa umbali. Hospitali nzuri usiyoweza kuifikia ni picha ya kalenda.

9/

Hoja ya pili: "Wana pensheni, kuna wananchi hawana hata hiyo."

Hii nawaheshimu wanaoisema, kwa sababu Tana River tunajua umaskini. Mama wa hapa anayejifungulia njiani naye ana haki. Lakini angalieni mambo mawili. Wanajeshi hawalingani: ofisa mkubwa aliyestaafu akiwa na nyumba mjini si sawa na koplo aliyerudi kijijini, na aliyetoka mapema kwa sababu ya jeraha au kwa kuachishwa si sawa na aliyemaliza muda wake. Tukisema "wanajeshi wastaafu" kwa mdomo mmoja tunamficha yule wa chini nyuma ya yule wa juu.

La pili, pensheni ni mshahara wa kazi iliyokwisha. Jeraha ni gharama inayoendelea. Na tangu Oktoba 1, 2024 tuko kwenye SHA, ambapo mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75 na kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi. Mstaafu anayelipa SHA kama mimi na wewe yuko kwenye foleni ile ile na mama yule yule. Kwa hiyo tukiimarisha kituo cha afya cha hapa, tunamsaidia koplo na mama kwa pamoja. Anayewagombanisha hao wawili anataka kura tu.

10/

Hoja ya tatu: "Wajengewe hospitali zao kila kaunti."

Inapendeza jukwaani. Tuangalie waliojaribu.

Marekani ina mfumo wake wa hospitali za wanajeshi wa zamani, takriban 170, wenye mamilioni ya waliojiandikisha. Faida yake ni kwamba daktari wa pale anajua vita ni nini na ana faili. Lakini mwaka 2014 ilifichuka kwamba Phoenix, Arizona, kulikuwa na orodha za siri za kusubiri, ili ionekane wagonjwa wanahudumiwa haraka kumbe wengine wanafia foleni. Waziri husika alijiuzulu. Kumbe jengo lenye jina lako mlangoni halikuhakikishii daktari.

Uingereza imekwenda njia nyingine. Ilifunga hospitali zake za kijeshi moja baada ya nyingine, na mwanajeshi wa zamani anatibiwa kwenye hospitali za umma kama kila mtu. Kuna agano la taifa kwa wanajeshi, lililoingizwa kwenye sheria mwaka 2011, na kwa ugonjwa uliotokana na utumishi hupewa kipaumbele kulingana na uzito wa hali yake. England wana pia huduma maalumu ya akili kwa wanajeshi wa zamani ndani ya mfumo huo wa umma. Faida ni kwamba huduma iko karibu. Hasara yake ni ile ya baba yangu mdogo: daktari wa kawaida anaweza asijue kabisa kwamba aliye mbele yake alikuwa vitani.

Mimi naona kwa kaunti kama yetu, ambayo hata hospitali za kawaida zinahangaika kupata wataalamu, kujenga hospitali ya wanajeshi ni kujenga ukuta mpya na kumtafuta daktari yule yule mmoja. Afadhali njia ya pili, lakini tuzibe tundu lake: faili imfuate mtu.

11/

Hapo hapo kuna jambo moja la Marekani ambalo ningeiba. Wanajeshi wao wa Vietnam walimwagiwa dawa ya kukausha misitu, Agent Orange. Waliporudi wakaugua, kila mmoja aliambiwa athibitishe kwamba ugonjwa wake umetokana na dawa ile. Utathibitishaje? Mwaka 1991 sheria ikageuza mzigo: kama ulihudumu mahali fulani katika miaka fulani na una ugonjwa ulio kwenye orodha, inachukuliwa kwamba umetokana na kazi. Mwaka 2022 wakafanya hivyo hivyo kwa waliovuta moshi wa mashimo ya kuchomea taka kwenye kambi za Iraq na Afghanistan.

Hebu tufikirie hapa kwetu. Kama ulikuwa na kikosi cha miguu Somalia na leo masikio yanavuma, kwa nini wewe ndiye uhangaike kutafuta ushahidi, na ushahidi wenyewe uko kwenye kabati la aliyekuajiri?

12/

Hoja ya nne, ile ya kicheko: "Kiwewe ni mambo ya Wazungu. Babu zetu walipigana na hawakuwa na hayo."

Nani alisema hawakuwa nayo? Hakuna aliyewauliza.

Vita Vikuu vya Kwanza, 1914 hadi 1918, Waingereza waliwakusanya wapagazi kutoka Afrika Mashariki nzima. Jina Kariakoo la Dar es Salaam na Kariokor la Nairobi limetokana na hicho kikosi cha wapagazi. Makumi ya maelfu walikufa, na wengi hawakuuawa na risasi. Waliuawa na kuhara, malaria, njaa na kubebeshwa. Mishahara ya wengi waliokufa haikufika kwa familia zao. Baadaye Vita vya Pili, askari wa KAR walipelekwa Ethiopia, Madagascar na Burma, wakarudi wengine wakiwa watu wa kukaa kimya.

Walijengewa nini? Sanamu. Ipo Nairobi, ipo Mombasa, mkishuka pale mjini mtaiona. Sanamu haina gharama ya kila mwezi. Ndiyo maana serikali, tangu ya mkoloni, huona rahisi kumheshimu askari wa shaba kuliko kumnunulia dawa askari mwenye nyama.

Na mzee aliyekaa kimya miaka 40, mkamwita mkali, mkamwita mlevi, mkasema karogwa, labda alikuwa mgonjwa tu.

13/

Basi tufanye nini ambacho hakihitaji mabilioni? Nina mapendekezo manne, na naomba yapigwe mawe.

Moja: swali moja kwenye daftari la mgonjwa. "Umewahi kuhudumu jeshini au polisi?" Kaunti inaweza kulianza kesho, ni wino tu. Jibu likiwa ndiyo, mhudumu anajua kuuliza masikio, usingizi, kichwa.

Mbili: kila anayestaafu atoke na nakala ya rekodi zake za matibabu mkononi. Na aliyeshatoka bila hiyo, kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Sheria ya upatikanaji wa taarifa ya 2016 inaipa ofisi siku 21 kujibu, na ukipuuzwa unaenda Tume ya Haki ya Utawala. Mambo ya usalama wa taifa yanaweza kuzuiwa, sawa. Lakini kipimo cha sikio la baba yangu mdogo si siri ya taifa. Barua hiyo nimemwandikia, na yeyote hapa anayeitaka anifuate baada ya kikao, tutaandika pamoja bure.

Tatu: wahudumu wa afya ya jamii. Tangu 2023 wapo karibu 100,000 nchi nzima, wanapita nyumba kwa nyumba, wana vifaa vya kupima presha na sukari. Waongezewe mafunzo kidogo ya kutambua kiwewe, na wajue wampeleke mgonjwa wapi.

Nne: daktari aje. Mara moja kila miezi mitatu, timu ya masikio, mifupa na akili ifike Hola na Garsen, kwa makubaliano kati ya jeshi na kaunti. Na siku hiyo wasimfukuze mama aliyekuja na mtoto wake. Daktari akishavuka mto, atibu watu.

14/

Mwisho, uchaguzi mkuu ujao ni Agosti 10, 2027. Watakuja. Watavuka daraja na magari yao, watatuita wapendwa. Msiulize "utatufanyia nini?" Hilo swali linajibiwa na mtu yeyote. Ulizeni kwa kazi ya mtu.

Anayetaka ubunge: utauliza lini bungeni bajeti ya ile sheria ya 2022, na utaunga mkono kugeuza mzigo wa ushahidi, ndiyo au hapana?

Anayetaka ugavana: lile swali moja litaingia kwenye daftari la zahanati mwaka gani? Kaunti itakuwa na mtaalamu wa akili wangapi?

Anayetaka useneta: serikali mbili zikitupiana mgonjwa, wewe unasimama wapi? Hiyo ndiyo kazi ya Seneti.

Anayetaka uwakilishi wa wadi: wanajeshi wastaafu wa wadi hii ni wangapi? Kama hajui, aende akahesabu halafu arudi.

Akianza na "mashujaa wetu", mpigieni makofi, halafu mrudishieni swali.



---

Baada ya kikao wazee watatu walibaki. Barua tatu zimeshatumwa. Tarehe ya siku ya 21 nimeiandika ukutani, na majibu yakija, au yasipokuja, nitayaweka hapa kwenye uzi huu, majina ya wazee yakiwa yamefunikwa. Kama una mzee wa aina hiyo nyumbani kwenu, msomee sehemu ya 13 leo jioni. Msomee kwa sauti, upande wa sikio linalosikia.